UMEME NA NEVA ZETU

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba ubongo huviongoza viungo vya mwili kwa njia ya neva. Sasa kunja kidole chako. Ubongo umetoa amri, na neva zimeifikisha kwenye misuli ya mkono. Je, amri hiyo husafiri kwa njia gani?

Amri hiyo husafiri kwa njia ya umeme. Neva imefanyizwa na seli nyembamba na ndefu. Ndani na nje ya seli hizo mna chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme. Chembe hizo zipitapo katika utando wa seli, hutokea umeme mdogo, nao huenea kutoka ncha moja ya seli hadi nyingine.

Umeme utokao nje ya mwili pia huweza kuiamsha neva. Mwaka 1791, Luigi Galvani wa mji wa Bologna, Italia, alichapisha habari za majaribio yake. Neva ya mguu wa chura aliyekufa ilipopata umeme, mguu ule ulirukaruka.

Sumaku nayo huweza kuiamsha neva, lakini si sumaku iliyotulia. Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka waya uliozungushwa duara juu ya kichwa cha mtu. Walipitisha humo mkondo mkubwa wa umeme kwa muda mfupi sana. Nguvu ya sumaku iliyotokea na kutoweka ghafula ilizalisha umeme mdogo katika ubongo, na misuli ya mkono ikashtuka. Hakuna aliyeugusa mkono ule! Leo madaktari hutumia chombo cha namna hiyo kupima neva.

Umeme wa nyumbani una nguvu nyingi kuliko ule wa neva. Mtu akishika waya ulio wazi, misuli ya mkono wake hukaza, vidole vikaung'ang'ania waya. Hawezi kuuachia hata akitaka, kwa kuwa amri ya ubongo imeshindwa. Moyo wake nao huweza kusimama. Ukimwona mtu katika hali hiyo, usimguse kamwe. Zima swichi kuu, kisha uite mtu mzima upesi.

Maswali
1. Amri ya ubongo hufikaje kwenye misuli?
2. Kwa nini sumaku iliyotulia juu ya meza haikunji kidole chako?
3. Kwa nini mtu aliyenaswa na umeme hawezi kuachia waya?