Uwe Bawabu wa Barua Pepe Zako



Vijana wenzangu, somo letu la leo ni barua pepe. Najua mtasema, "Sasa hilo nalo ni jambo la kiroho?" Ndiyo, ni la kiroho. Maombi ya chuo, mkopo, ajira, siku hizi mengi yanapita humo. Kijana mmoja hapa Songea aliitwa kwenye usaili kwa barua pepe. Akaja kuiona siku mbili baada ya usaili kupita, maana ilikuwa imefunikwa na matangazo zaidi ya mia tano. Mama yake alikuwa ameuza mahindi ya akiba ili yeye asome. Kumbe barua isiyofunguliwa inaweza kupoteza jasho la mtu mwingine kabisa.

Tujifunze kwa watu wawili.

1. Yethro: usirundike

Soma Kutoka 18:13-27. Musa alikaa tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri, na watu hawakuisha. Mkwewe Yethro akamwonya kwamba atachoka yeye na watu wake pia. Akamshauri agawe kazi: mambo makubwa yaje kwake, madogo yaamuliwe na wengine.

Nasi tufanye hivyo. Kila barua unayoifungua, iamulie palepale:

- Haina maana? Futa. Kama ni tangazo linalorudi kila siku, bonyeza kwanza pa kujiondoa.
- Jibu lake ni la dakika mbili? Jibu sasa hivi.
- Inamhusu mwingine, mfano mhazini wa kikundi? Mpelekee.
- Inahitaji muda? Iwekee nyota, na tarehe yake ya mwisho iandike kwenye daftari.

Kinachotuumiza ni kusoma na kuiacha tu, eti "nitarudi baadaye".

Anayetumia Gmail ajue kwamba nafasi ya bure ni GB 15, na humo humo zinahesabiwa picha na mafaili uliyohifadhi kwenye akaunti. Ikijaa, barua mpya haziingii. Mahali pa kutafuta andika larger:10M, zile nzito zitajitokeza, ufute usizohitaji. Chungulia pia kwenye barua taka, maana barua halali nazo huangukia huko, na baada ya siku 30 hufutika zenyewe.

2. Bawabu wa Mtakatifu Benedikto

Wengi wetu tumefika Peramiho, kwa Wabenedikto waliofika pale mwaka 1898. Kanuni wanayoifuata ni ya karne ya 6, na sura yake ya 66 inamhusu bawabu wa monasteri. Awe mzee mwenye busara, anayejua kupokea ujumbe na kurudisha jibu, asiyezurura. Mtu akibisha, bawabu anamshukuru Mungu hata kabla hajajua ni nani, kisha anamjibu haraka na kwa upole.

Jamani, nyuma ya barua kuna mtu anayebisha. Hata kama huna jibu kamili, mwandikie: "Nimepokea, nitakujibu Ijumaa." Na Ijumaa umjibu kweli, maana Bwana ametufundisha ndiyo yetu iwe ndiyo (Mt 5:37).

Lakini bawabu si mtumwa wa mlango. Sura ya 43 inasema kengele ya sala ikilia, mmonaki anaacha chochote alichoshika. Kwa hiyo zima arifa za simu. Mimi nafungua barua pepe mara mbili: saa tatu asubuhi, nikiwa nimeshasali, na saa kumi jioni. Hata bando linadumu. Ukiwa unasubiri majibu ya usaili au mkopo, ongeza mara moja mchana. Ila kitandani, hapana!

Zoezi la wiki hii

Jiondoe kwenye matangazo kumi. Kisha mtafute mtu mmoja aliyekuandikia ukamkalia kimya, umjibu. Huyo ndiye jirani yako wa wiki hii.

Tusali

Ee Bwana, wewe husikia kila anayekuita. Utupe utulivu wa kuchagua lililo la maana, na upendo wa kumjibu anayetusubiri. Amina.

Mtakatifu Benedikto, utuombee.