Mchoro Unaojua Mzigo: Kielelezo cha Jengo Ndani ya Kompyuta

Ramani ya jengo ni mkusanyiko wa mistari. Mstari mmoja wamaanisha ukuta, mwingine bomba, na mwingine nondo. Lakini karatasi yenyewe haijui tofauti hizo, ila jicho la msomaji ndilo lijualo. Tena nguzo moja huchorwa mara nyingi: katika ramani ya sakafu, katika mkato wa jengo, na katika mchoro wa msingi. Ikihamishwa, michoro yote yapasa kusahihishwa, na mmoja ukisahaulika, fundi aweza kujenga kwa kuufuata huo huo.

Badiliko dogo la mchoro laweza kuua. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za kupitia watu zilizoning'inizwa ukumbini, moja juu ya nyingine, zilianguka. Watu 114 walikufa.

Mpango wa awali ulitaka kila chuma cha kuning'iniza kiwe kimoja kirefu, kitoke darini, kipenye boriti ya njia ya juu, na kuishia katika ile ya chini. Chini ya kila boriti ikazwe nati. Baadaye vikatumika vyuma viwili vifupi. Cha kwanza kilitoka darini mpaka boriti ya juu, na cha pili kilianzia kwenye boriti hiyo hiyo kushuka hadi ya chini.

Tuseme kila njia hulemea kila kiungo kwa nguvu W. Katika mpango wa awali, nati ya juu hubeba W tu, kwani mzigo wa njia ya chini hupita ndani ya chuma chenyewe hadi darini. Katika mpango wa pili, njia ya chini imeining'inia boriti ya juu. Kwa hiyo nati ile sasa hubeba 2W. Mwanafunzi aangalie kwamba ncha ya chuma iliyoko darini hubeba 2W katika mipango yote miwili. Kilichoongezewa mzigo ni nati na boriti yake. Wachunguzi walikuta, zaidi ya hayo, kwamba hata mpango wa kwanza haukufikia kiwango kilichotakiwa na kanuni za ujenzi za mji huo.

Jitihada za kuufanya mchoro ujue kipi kimebeba kipi zilianza kabla ya ajali hiyo. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika tasnifu yake ya udaktari kwenye chuo cha MIT, alieleza programu iitwayo Sketchpad. Mtu alichora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga, nayo kompyuta ikahifadhi uhusiano: mistari hii ni sambamba, ncha hizi zimeungana. Mfano mmoja ulikuwa daraja; mzigo ukibadilishwa, kompyuta ilionyesha nguvu katika kila kiungo. Mwaka 1975 Charles Eastman wa chuo cha Carnegie-Mellon akapendekeza jengo zima lihifadhiwe hivyo, ili kila mchoro utolewe katika kielelezo kimoja. Siku hizi kazi nyingi kubwa za ujenzi hupangwa kwa njia hiyo.

Sutherland huyo huyo, mwaka 1968, alieleza chombo cha kuvaliwa kichwani. Mtazamaji akigeuza kichwa, picha nayo hugeuka. Vyombo vya jamii hiyo sasa hutumika kuwafunzia wajenzi. Mwanafunzi huendesha kreni au hupanda jukwaa refu, na akikosea hakuna anayeumia.

Hata hivyo kielelezo hujibu lile tu kilichoulizwa. Nati isipoingizwa katika hesabu, picha itapendeza macho na kosa litabaki palepale.

Fikra hii yaweza kufundishwa bila kompyuta. Wanafunzi wachore kamba iliyofungwa tawini (afadhali wachore tu kuliko kujaribu), na watu wawili wenye kilo 50 kila mmoja. Kwanza wote wawili wameishika kamba. Kisha wa chini ameiacha na kumshika wa juu miguu. Mikono ya wa juu yabeba nyutoni ngapi katika kila hali? Na tawi, je?