SOMO LA BIASHARA: Deni moja, majina matatu

Mfanyabiashara wa dagaa wa Nansio anayekopesha wanunuzi wa Mwanza anaweza kupoteza fedha kwa kosa dogo: mteja mmoja kuandikwa kwa majina matatu. Deni lake hugawanyika, naye huendelea kukopeshwa.

Kijana anayeanza kujifunza kutengeneza programu za hifadhidata aanzie hapo. Atenge majedwali matatu: wateja, mauzo na malipo. Kila mteja apewe namba yake peke yake, na namba hiyo, si jina, ndiyo iandikwe kwenye mauzo na malipo.

Tuseme mteja namba 7 amechukua magunia 10 kwa sh. 90,000 kila moja, akalipa sh. 400,000. Deni la sh. 500,000 lisiandikwe kwa mkono, programu ilikokotoe.

Mpango huu wa majedwali ulielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd wa kampuni ya IBM. Lugha ya SQL, iliyotokana nao, ndiyo ya kujifunza kwanza.

Kwa mwenye mtaji, kipimo ni kimoja kabla ya kulipia programu: je, inaonyesha deni lote la mteja mmoja?