MADA: FARAGHA NA ULINZI WA TAARIFA BINAFSI

Malengo. Baada ya kusoma mada hii, uweze kueleza maana ya faragha, kutaja sheria zinazoilinda nchini Tanzania na kutaja hatua za kuilinda.

Maana
Faragha ni haki ya mtu kuamua nani ajue mambo yake, ajue kiasi gani, na kwa matumizi gani. Taarifa binafsi ni taarifa yoyote inayoweza kukutambulisha: jina, picha, namba ya simu, namba ya NIDA, alama za vidole. Watahiniwa wengi huandika kwamba faragha ni "kuficha siri". Jibu hilo halitoshi, kama mfano ufuatao unavyoonesha.

Mfano
Tuseme umetimiza miaka 18, umepata namba ya NIDA, na unataka kusajili laini kwa jina lako. Wakala amekaa chini ya mwavuli pale Zinga, kando ya barabara ya Bagamoyo. Unaweka kidole kwenye mashine. "Haijasoma, weka tena," anasema. Unaweka tena, unachukua laini yako, unaondoka.

Huenda kweli mashine haikusoma. Huenda pia zimesajiliwa laini mbili, na moja imebaki kwa wakala. Ikiuzwa kwa tapeli, ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" utatoka kwenye laini yenye jina lako, na wa kwanza kuulizwa na polisi ni wewe. Hukuwa na siri yoyote, lakini umepoteza uamuzi juu ya kitu chako. Tena namba ya siri hubadilishwa, kidole hakibadilishwi.

Hatua za kuchukua
1. Ukishasajili, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika ukaikane.
2. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, usijibu. Utume kwenda 15040.
3. Usimtajie mtu namba yako ya siri, hata akisema anapiga kutoka kampuni ya simu.
4. Programu ya tochi ikiomba kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, jiulize: tochi inayatakia nini? Kataa.
5. Kama laini unayotumia imesajiliwa na mzazi, kumbuka kwamba unachotuma kinahesabiwa kwake.

Sheria
(a) Katiba ya 1977, ibara ya 16, hulinda maisha binafsi na mawasiliano ya kila mtu.
(b) Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa zako akueleze sababu na asizitumie kwa jambo jingine. Hukupa pia haki ya kutaka zirekebishwe. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Swali la kujipima
"Raia asiye na siri hahitaji faragha." Jadili kauli hii kwa mifano kutoka Tanzania.

Dondoo. Anza na maana ya faragha, kisha toa hoja zako, kila moja na mfano wake. Taja sheria kwa jina na mwaka. Kabla hujaanza kuandika, piga *106#. Ukiona namba usiyoitambua, umeshapata mfano wa kwanza, na una safari ya kwenda dukani.