Hereni ya Ndigana Kali Haizuii Ndigana Baridi

Masika yakikolea, kupe nao huongezeka malishoni. Wiki 3 hadi 5 baada ya kuumwa na kupe mwenye vimelea, ng'ombe mkubwa aliyekuwa akijaza ndoo hujitenga na wenzake, huacha kula, huhema, kinyesi hukauka, na fizi hupauka au kuwa za njano. Mkojo hauwi mwekundu. Hapo ndipo ndigana baridi inapotofautiana na ugonjwa wa kukojoa damu.

Wapo wafugaji wanaoamini kwamba ng'ombe mwenye hereni ya chanjo ya ndigana kali amekingwa na ndigana zote. Sivyo hata kidogo. Ndigana baridi huletwa na bakteria aitwaye Anaplasma marginale, anayejificha ndani ya chembe nyekundu za damu.

Arnold Theiler alimweleza bakteria huyo mwaka 1910 huko Afrika Kusini, kisha akamtumia ndugu yake mpole, Anaplasma centrale, kama chanjo hai. Chanjo hiyo ingali ikitumika Afrika Kusini, Israeli na Australia. Lakini hutengenezwa kwa damu ya ng'ombe, huhitaji ubaridi mkali, na damu hiyo isipopimwa vizuri yaweza kubeba magonjwa mengine.

Ndiyo maana watafiti wanazichunguza protini za utando wa nje wa bakteria. Ndama waliochanjwa utando uliosafishwa walipata kinga, na hilo linatia moyo kweli. Tatizo ni MSP2, protini iliyojaa kwenye utando huo: kinga ya mwili ikishaizoea, bakteria hubadili sura yake kama mwizi anayebadili koti kila anapotambuliwa. Kwa hiyo hata ng'ombe aliyepona hubaki na vimelea, pengine maisha yake yote. Tumaini limeelekezwa kwa protini zisizobadilika sana, zikiwemo VirB9 na VirB10. Hata hivyo, protini mojamoja bado haijakinga kama utando mzima.

Msimu huu, basi, kazi ni ya josho na sindano. Kila ng'ombe adungwe kwa sindano yake, na vifaa vya kukata pembe na kuhasi visafishwe kwa dawa kabla ya kumgusa mwingine. Ng'ombe mkubwa aliyenunuliwa kutoka eneo lisilo na kupe achunguzwe kila siku. Dalili zikionekana, daktari wa mifugo aitwe mapema, maana oksitetrasaiklini hufaa zaidi ugonjwa ukiwa mchanga. Mgonjwa asiswagwe kwenda mbali: damu yake ni chache, na mwendo mrefu waweza kumwangusha njiani.