Mama ana miaka 70 na bado analima: umpe zawadi gani?

HUENDA mamako anaishi Kianjokoma, Igoji au Nkubu. Alfajiri anakama ng'ombe, kisha anakata majani ya nepia, anapalilia mahindi, na Jumatano hakosi mkutano wa chama. Siku yake ya kuzaliwa inakaribia na nyinyi watoto mmeanza kuchanga pesa. Mmoja anataka anunuliwe sofa. Mwingine anataka televisheni kubwa. Wa tatu anasema keki inatosha. Ukimpigia simu umuulize mwenyewe, atakujibu kama akina mama wengi wa rika lake: "Sina haja na kitu, mwanangu. Njooni tu."

Jibu hilo lisikudanganye. Mama huyo ana haja, ila hajazoea kuitaja, na mara nyingine hata yeye haioni kwa sababu ameishi nayo miaka mingi. Wiki hii tutazungumzia jinsi ya kuitambua haja hiyo, na kwa nini zawadi inayochaguliwa vizuri yaweza kumlinda mama mzee kuliko dawa nyingi.

Kwanza, neno kuhusu siku yenyewe. Wengi wa wazazi wa umri huo katika wilaya za zamani za Embu na Meru walizaliwa wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, na hawana cheti cha kuzaliwa. Mama anaweza kukwambia alizaliwa watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini kwa nguvu, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho ikawa ya kukisiwa tu. Ikiwa hivyo, una uhuru wa kuchagua siku. Chagua iliyo kabla ya mvua kubwa ya Machi au ile ya Oktoba. Sababu utaiona hivi punde.

Makosa mawili

Watoto hufanya makosa ya aina mbili kwa mzazi mwenye nguvu. Kosa la kwanza ni kumkalisha. Wanamwajiri kijana wa shamba, wanauza ng'ombe, wanamnunulia sofa na kumwambia apumzike. Nia ni njema, lakini misuli isiyofanya kazi hunyong'onyea haraka mtu akishapita miaka 60, mifupa hupoteza uimara, na mwili husahau kujisawazisha. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwamba mtu wa miaka 65 na zaidi afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na siku tatu au zaidi kati ya hizo afanye ya kuimarisha misuli na kujisawazisha. Mama anayepanda na kushuka miteremko ya Mlima Kenya na jembe begani ametimiza hayo kabla ya Jumanne kwisha. Usimnyang'anye.

Kosa la pili ni kumsifu tu. "Mama yetu ni chuma," wanasema, kisha wanarudi Nairobi. Hawaoni kwamba chuma hicho kinateremka kila siku kwenye njia ya udongo mwekundu kikiwa kimevaa patapata. Kote duniani, wanaokufa zaidi kwa sababu ya kuanguka ni watu waliopita miaka 60. Kwa mwanamke hatari ni kubwa zaidi, kwani baada ya hedhi kukoma mifupa huwa myepesi kuvunjika. Akivunjika mfupa wa nyonga, atalazwa, pengine apasuliwe, na wengi hawarudii mwendo wao wa awali. Yule aliyekuwa akikulimia viazi vya kubeba ukienda Nairobi sasa anasubiri mtu wa kumpeleka chooni.

Kwa hivyo zawadi nzuri ni ile inayoiacha kazi na kuiondoa hatari iliyo ndani yake. Na hatari hiyo huwezi kuijua ukiwa mjini. Nenda nyumbani wiki mbili mapema, ulale huko, na ufuatane naye siku nzima bila kumwambia sababu. Tazama anaposhika ukuta. Tazama anaposimama kupumua, na kama anashuka mteremko kwa upande upande. Usiku, sikiliza anaamka mara ngapi kwenda choo cha nje na anaona njia kwa kutumia nini.

Miguu yake

Anza na viatu, maana hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Tunamnunulia mama viatu vya Jumapili, vyeusi, vya kung'aa, vyenye soli laini kama sahani. Siku sita zilizobaki anavaa sandaki zilizopasuka, au gambuti za baba aliyefariki zinazompwaya.

Kiatu cha mama wa shambani kinafaa kuwa na soli yenye meno ya kushika udongo, kisigino kifupi na kipana, na kamba au ukanda wa kukikaza kwenye mguu. Soli isiwe nene na laini kama godoro: mguu unahitaji kuihisi ardhi ili mwili ujue umesimama vipi. Viatu vizuri vya namna hiyo hupatikana hata kwenye mitumba ukivichagua kwa makini. Pinda soli kwa mikono. Ikijikunja katikati, kiache. Kiatu kizuri hujikunja pale vidole vinapoanzia.

Usibahatishe saizi. Miguu hupanuka kadiri umri unavyosonga, na mama anayekwambia anavaa namba 5 huenda alipimwa mara ya mwisho akiwa bibi harusi. Jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo baada ya kazi, mwambie asimame juu ya karatasi, uchore kuzunguka miguu yote miwili kwa kalamu. Mmoja mara nyingi huwa mkubwa kuliko mwingine, nawe nunua kwa kufuata ule mkubwa. Ukichora, tazama na nyayo. Mama mwenye kisukari anaweza kuwa na ganzi na asihisi kijiwe kilichomkata tangu asubuhi. Huyo asivae kiatu bila kukikung'uta na kupitisha mkono ndani, na kila jioni miguu yake ikaguliwe.

Kwa wale ambao mama zao wako chini kwenye joto, Siakago, Kiritiri au Tharaka, hatari ni tofauti. Huko utelezi ni wa siku chache, lakini miiba ni ya mwaka mzima. Tafuta soli ngumu na kiatu kilichofunika vidole, na uongeze kofia ya ukingo mpana.

Maji na mzigo

Sasa tuje kwenye zawadi kubwa, ya kuchangia ndugu wote. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Kwa mama wa kilo 60, hiyo ni theluthi moja ya uzito wake mwenyewe, na anaupandisha kutoka mtoni ukiwa mgongoni, ukanda ukiwa umekaza kwenye paji la uso. Wapo wazee ambao ukanda huo umewaachia mfereji kichwani maisha yao yote. Alama hiyo ndiyo inayoonekana. Shingo na uti wa mgongo navyo hubeba, na mtu aliyeinamisha kichwa kwa ajili ya ukanda haoni mbali anapokanyaga.

Mama wa aina hiyo mpe mifereji ya paa na tangi. Hesabu yake ni rahisi, na uifanye mbele ya ndugu zako wanaotaka sofa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Nyumba ya mabati yenye paa la mita 8 kwa 5 ina mita mraba 40. Mvua ya milimita 10, ambayo msimu ukishika hunyesha kwa alasiri moja tu, ni lita 400. Tuseme sehemu moja kwa tano inapotea kwa kumwagika. Zinabaki 320, yaani mitungi 16. Ni safari 16 za mtoni ambazo hakuzifanya. Ndiyo sababu tulisema siku ya kuzaliwa iwe kabla ya mvua. Maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yaachwe yamwagike, tangi lifunikwe vizuri mbu wasizaane humo, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Utauliza: je, si tumemnyima mazoezi? La. Mtoni kwenyewe bado anaweza kwenda kulima arurutu zake. Tulichoondoa ni kilo 20.

Ikiwa pesa za tangi hazipo, kuna kazi ya fundi wa siku moja ambayo haitamaliza hata nusu ya bei ya sofa. Ngazi chache zichongwe kwenye mteremko na kuwekewa mbao au mawe, reli ya mti imara iwekwe kando ya njia ya chooni, na nyingine ukutani ndani ya choo, kwa sababu kuinuka kutoka kwenye choo cha kuchuchumaa ni mtihani kwa magoti ya miaka 70. Zawadi hii haina karatasi ya kung'aa na picha yake haipendezi. Lakini itashikwa kila siku.

Macho na taa

Baada ya miaka 40 kila mtu huanza kusogeza gazeti mbali ili alisome, na mama aliyekuwa akisoma Biblia kanisani sasa anaikariri. Miwani ya kusomea ni zawadi nzuri sana, lakini usiinunue kando ya barabara bila yeye kupimwa. Mpeleke kwanza. Hospitali ya Rufaa ya Embu, ile ya Meru, Chogoria, Nkubu na Maua zote ni za kuulizia siku ya kliniki ya macho. Huenda ikapatikana kwamba ukungu anaousema ni mtoto wa jicho, ambao miwani haiuondoi. Huondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi, na lenzi mpya ikawekwa. Na akipata miwani ya kusomea, mwambie aivue anaposimama. Ukitembea nayo, ardhi huonekana isipokuwepo.

Ongeza taa ya sola ya kutundika njiani kuelekea chooni, au tochi ya kuvaa kichwani inayomwachia mikono yote miwili. Akicheka kwamba anafanana na mchimba migodi, mwache acheke.

Mashine ya presha

Watoto wengi siku hizi hununua mashine ya kupimia presha. Ni jambo jema, mradi uchague ya kufungwa kwenye mkono wa juu badala ya kiwiko cha kiganja, na ukanda wake umtoshe, kwani unaobana mno hutoa namba za uongo. Mfundishe yeye, au mjukuu anayekaa naye. Akae kwenye kiti chenye mgongo kwa dakika tano bila kuzungumza, miguu chini bila kuikunja, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo. Asiwe amekunywa chai ya rangi au kahawa nusu saa iliyotangulia, wala ametoka tu kukata majani. Apimwe mara mbili, kwa kuachana dakika moja, na namba ziandikwe daftarini. Zikizidi kuwa 140 juu ya 90 au zaidi siku kwa siku, daftari hilo liende kwa daktari. Mashine haitibu, na isimfanye aache vidonge kwa kuwa leo namba ni nzuri.

Na kuna zawadi ambazo ni heri usipeleke. Kreti ya soda ni mojawapo. Nyingine ni zile dawa za magoti ambazo watu huleta kutoka mjini kwa pakiti, za jamii ya diclofenac na ibuprofen. Zikimezwa kila siku bila daktari, hutoboa tumbo, huumiza figo na kupandisha presha, na mama atazisifu kwa sababu kweli maumivu yanapungua. Hata ule mtindo wetu wa kumwagia maji mwenye siku ya kuzaliwa, waachieni wajukuu. Sakafu ya saruji iliyolowa si mahali pa shosho.

Ikiwa baada ya hayo yote bado mna akiba, angalieni bima yake. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, na walio nje ya ajira huwekewa mchango wa mwaka kulingana na uwezo wao, ukianzia shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Wapo wazee waliodhani kadi ya zamani bado inafanya kazi, wakagundua mlangoni mwa hospitali kwamba sivyo. Hakikisha amesajiliwa, na ulipe.

Siku yenyewe ikifika, msivikabidhi viatu halafu mkaondoka. Mama atavishukuru, atavikung'uta, na kuvifungia sandukuni vikingoje harusi. Kaa hadi avivae, mtembee naye hadi shambani na kurudi, uone kama kisigino kinachubua. Akisisitiza kwamba ni vizuri mno kwa matope, usibishane naye. Mwache avivae kanisani, na mwezi ujao mletee vingine kama hivyo, ila hivyo vya pili vipake udongo kidogo kabla ya kumpa.