Mkanda wa usalama: ukague mwenyewe kabla hujapanda

Ukipita Kayole, Umoja, Huruma au Pipeline huko Embakasi, huendi mbali kabla ya kukutana na jumba la ghorofa linalojengwa. Nje yake huwa kuna jukwaa la miti iliyopigiliwa misumari, na juu ya jukwaa hilo vijana wamesimama na karai na mwiko, wakipiga plasta. Wengi wao hawana mkanda wa usalama. Wengine wameuvaa, lakini haukufungiwa mahali popote.

Jengo la orofa sita lilipoporomoka mtaani Huruma usiku wa Aprili 29, 2016, taifa zima lilipata habari. Kibarua mmoja anayeanguka kutoka jukwaani hatangazwi. Huletwa kliniki akibebwa na wenzake, nao husema, "Daktari, ajali haina kinga." Juma hili, msomaji mpenzi, tuutazame msemo huo kwa makini, kwa sababu ajali ya kuanguka ina kinga.

Mwili unavyoumia

Kutoka orofa ya tatu, yaani kimo cha mita tisa hivi, mtu hufika chini kabla ya sekunde mbili kuisha, akienda kasi ya karibu kilomita 48 kwa saa. Hana nafasi ya kushika chochote. Anayetua kwa miguu huvunjika visigino, na nguvu ile ile hupanda hadi kiunoni ikaponda pingili za uti wa mgongo. Kwa hivyo, mtu aliyeanguka akilalamikia kisigino tu, mgongo wake pia sharti upimwe. Neva zipitazo ndani ya uti zikiumia, anaweza kupooza miguu na kushindwa kuzuia haja. Aliyekuwa akilisha nyumba huanza kulishwa.

Ukaguzi wa kila asubuhi

Ng'ambo kuna watu ambao huruka kwa mchezo kutoka majumba marefu, minara, madaraja na majabali, aghalabu kila mmoja akiwa na mwavuli mmoja tu, bila wa akiba. Carl Boenish, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa mchezo huo, alikufa akiruka nchini Norwe mwaka wa 1984. Wazoefu wa mchezo huu hukagua na kukunja mwavuli kwa mikono yao wenyewe, kwani wanajua kwamba hewani hakuna nafasi ya kurekebisha kosa. Fundi hachezi, yuko kazini; lakini kanuni hiyo inamfaa hata zaidi. Kabla hujapanda, hakikisha haya:

1. Mkanda uwe wa mwili mzima, unaopita mabegani na mapajani. Mshipi wa kiunoni peke yake humkaza anayeanguka tumboni na unaweza kupasua wengu au ini. Marekani iliupiga marufuku kwa kazi ya kumzuia mtu anayeanguka tangu mwaka wa 1998.

2. Pitisha vidole kwenye mishono yote. Ukikuta uzi uliokatika, palipoungua, palipokauka kwa saruji, au kulabu isiyojifunga yenyewe, usiuvae. Jua kali hudhoofisha nailoni, basi usiuache ukianikwa juu ya slebu.

3. Mkanda uliokwisha kumzuia mtu asianguke hautumiki tena, hata ukionekana mzima, kwa kuwa nyuzi zake zimevutika. Vivyo hivyo helmeti iliyopata pigo kubwa. Ndiyo sababu si busara kununua mkanda uliotumika ambao huijui historia yake.

4. Fungia kamba kwenye chuma au nguzo imara ya jengo lenyewe, juu ya kichwa chako ikiwezekana. Usiifungie kwenye mti wa jukwaa. Jukwaa likianguka, mtaanguka pamoja.

5. Pima nafasi iliyo chini yako. Kamba ya karibu mita mbili, yenye kipunguza mshtuko, huhitaji nafasi wazi ya mita tano na nusu hivi. Ukiwa orofa ya kwanza utagonga chini kabla haijakuzuia. Hapo vizuizi vya pembeni ndivyo vinavyofaa.

Aliyezuiwa na mkanda akabaki ananing'inia ateremshwe haraka. Damu hukusanyika miguuni, na anaweza kuzimia katika dakika chache.

Mwenzako akianguka

Usimwinue kwa mikono na miguu, wala usimkalishe kwenye pikipiki. Mwache alale, mtu mmoja amshike kichwa kisigeuke, na mwingine apige simu 999 au 112. Ikiwa hapana budi kumhamisha, watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja, kichwa na mwili vikienda sawia, wamlaze juu ya ubao.

Jihadharini zaidi na yule anayeinuka, akajipangusa vumbi na kusema yu mzima. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, akaenda kulala asiamke. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia ovyo, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asipewe pombe wala aspirini.

Jukumu ni la nani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na inamtaka mfanyakazi avitumie. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima. Kwa hivyo, tajiri anayekuambia ujinunulie mkanda anakwepa wajibu wake, na fundi anayeuacha mkanda chini kwa sababu unamfanya aonekane mwoga anakwepa wake.

Najua kibarua anayekataa kupanda huogopa kwamba mwingine ataitwa langoni achukue nafasi yake. Ndiyo maana ni heri mseme kwa pamoja, asubuhi kabla ya kazi kuanza. Mwulizeni msimamizi maswali mawili: kamba zetu tutazifungia wapi, na mmoja wetu akining'inia, nani atamteremsha? Asipokuwa na jibu, kazi za chini zianze kwanza hadi jibu lipatikane.